Fedha Ndani ya Swichi Chakavu: Faida Ndogo ya Nyumbani, Gharama Kubwa kwa Maji ya Usambara

Na Mwandishi Wetu

Mwezi Oktoba 2025 bei ya madini ya fedha katika soko la dunia ilivuka dola 50 za Marekani kwa wakia moja, kiwango ambacho kilikuwa kimekaribiwa mara mbili tu katika nusu karne, yaani mwaka 1980 na mwaka 2011. Sababu zake zinajulikana: viwanda vya paneli za umeme wa jua, magari ya umeme na vifaa vya mawasiliano vinatumia fedha nyingi kuliko ilivyokuwa zamani, na wawekezaji nao wameikimbilia kama hifadhi ya thamani. Bei ya namna hiyo inapopanda, habari zake hazibaki London au New York. Huteremka hadi kwa fundi wa umeme, muuza vyuma chakavu na kijana mwenye simu ya mkononi, ambaye sasa anaweza kutazama picha za video zinazoonesha namna ya kutoa fedha kutoka katika vifaa vya umeme vilivyokufa, kwa kutumia kemikali, jikoni au uani.

Makala haya yanalichambua jambo hilo kwa kutazama eneo moja mahususi: Wilaya ya Lushoto na Milima ya Usambara kwa ujumla, mkoani Tanga. Uchaguzi huo una sababu. Kinachomwagwa juu ya mlima hakikai juu ya mlima, na Usambara ni mlima ambao watu wengi walio mbali nao huyanywa maji yake, humwagilia mashamba kwa maji hayo na hupata umeme unaozalishwa kwayo.

Nini kimo ndani ya kontakti

Kila swichi, relei, breka na kontakta ya mota ina vidoti vidogo vyeupe vinavyogusana umeme unapowashwa na kuachana unapozimwa. Mafundi huviita kontakti. Vidoti hivyo hutengenezwa kwa fedha kwa sababu hakuna metali nyingine inayopitisha umeme vizuri kuliko fedha, na hata uso wake unapochakaa bado mkondo hupita.

Hata hivyo, fedha tupu ni laini mno. Kila swichi inapofunguka hutokea cheche, na cheche hizo huila metali na kuweza kuzigandisha kontakti mbili pamoja. Kwa hiyo watengenezaji huchanganya fedha na vitu vingine: nikeli, oksidi ya bati, na kwa miongo mingi, oksidi ya metali iitwayo kadimi. Katika kontakta na breka nyingi za zamani, oksidi ya kadimi huwa kati ya asilimia 10 na 15 ya uzito wa kontakti. Kwa macho, kontakti yenye kadimi na isiyo nayo hufanana. Fundi hawezi kuzitofautisha kwa kuzitazama, kuzikwaruza wala kuzipima kwa mizani.

Usambara si mahali pageni kwa vifaa vya aina hiyo. Viwanda vya chai, mashine za mbao, mitambo ya mkonge katika tambarare za Korogwe, pampu za maji, mashine za kusaga na majengo ya umma vimetumia kontakta na breka kwa miaka mingi. Aidha, kadiri Wakala wa Nishati Vijijini (REA) na Shirika la Umeme Tanzania (TANESCO) wanavyofikisha umeme vijijini, ndivyo idadi ya swichi, soketi na vifaa vinavyochakaa inavyoongezeka. Hilo ni tunda la maendeleo, na kama yalivyo maendeleo yote, lina mabaki yake yanayohitaji kusimamiwa.

Hesabu ambayo video hazioneshi

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Ni busara kufungua daftari kabla ya kufungua chupa ya asidi.

Wakia moja ya madini ni gramu 31.1. Kwa bei ya dola 50 kwa wakia, gramu moja ya fedha safi ilikuwa na thamani ya takriban dola 1.6, yaani karibu Sh 4,000 kwa viwango vya kubadilisha fedha vya wakati huo. Hiyo ni bei ya fedha iliyosafishwa na kuthibitishwa. Kibonge kilichoyeyushwa nyumbani bila kipimo cha maabara hakiuzwi kwa bei hiyo. Mnunuzi hukata kiasi kwa ajili ya uchafu, kazi ya kusafisha na shaka yake mwenyewe.

Tuchukue mfano wa hesabu. Tuseme swichi ndogo ya ukutani inatoa miligramu 30 za fedha. Swichi 100 zitatoa gramu 3, zilizokuwa na thamani ya Sh 12,000 kwa bei kamili ya soko la dunia ya wakati huo. Kutoka katika kiasi hicho mtu anatakiwa kutoa gharama ya kununua swichi hizo, kuzivunja moja moja, kemikali, vyombo, mkaa au gesi ya kuyeyushia, glavu, nauli na muda wake. Kontakta kubwa za mota za viwandani zina fedha zaidi, pengine gramu kadhaa kila moja, lakini hizo ndizo ambazo kwa desturi zilitengenezwa kwa mchanganyiko wenye kadimi. Yaani, pale ambapo faida inaanza kuonekana, ndipo sumu nayo inapoanza.

Hii haina maana kwamba fedha iliyomo haina thamani. Kwa tani za mabaki na mitambo inayofaa, ni biashara halali na yenye tija. Viwanda vikubwa duniani, kama kile cha Hoboken nchini Ubelgiji, huishi kwa kazi hiyo. Tofauti ni kwamba kiwanda cha namna hiyo hukamata moshi wake na husafisha maji yake machafu. Jiko la nyumbani halina uwezo wa kufanya lolote kati ya hayo mawili.

Hatari inayochelewa kujitambulisha

Njia inayosambazwa zaidi hutegemea asidi ya naitriki, ambayo huyeyusha fedha pamoja na shaba. Asidi hiyo inapokutana na metali hutoa gesi ya rangi ya kahawia, iitwayo dioksidi ya naitrojeni. Hatari kubwa ya gesi hii ni ucheleweshaji wake. Mtu anaweza kuivuta, akakohoa kidogo, akajihisi nafuu, akala chakula cha jioni na kulala. Saa kadhaa baadaye, wakati mwingine hadi siku moja, mapafu huanza kujaa maji na pumzi kukatika. Kwa wakazi wa Lushoto, ambako baridi na ukungu huwafanya watu wafunge madirisha kwa sehemu kubwa ya mwaka, gesi nzito ndani ya jiko lililofungwa ni hatari kwa kila aliye ndani ya nyumba, wakiwamo watoto.

Hatua ya kuyeyusha metali ina hatari yake. Fedha huyeyuka kwenye nyuzijoto takriban 962 za Selsiasi, ilhali kadimi huchemka na kugeuka mvuke kwenye nyuzijoto 767. Maana yake ni kwamba, kabla kontakti haijaanza kuyeyuka, moto unaotosha kuiyeyusha umeshapita kiwango cha kurusha kadimi hewani. Moshi huo huweza kusababisha homa na maumivu ya kifua yanayofanana na mafua makali au malaria, na mgonjwa asipomweleza mganga alichokuwa akikifanya, tiba huenda ikaelekezwa kwingine. Kadimi inayobaki mwilini hukaa katika figo kwa miaka 10 hadi 30, na Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani umeiweka katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani kwa binadamu. Barakoa ya kitambaa haizuii mvuke huo wala gesi ya kahawia.

Vilevile, baadhi ya michanganyiko ya fedha na kemikali nyingine zinazopatikana majumbani ikiachwa ikauke huweza kulipuka kwa kuguswa tu. Hakuna video ya dakika tano inayoweza kumpa mtu maarifa ya mkemia ya kutambua lini amefika hapo.

Kwa nini Usambara

Hatari zilizotajwa zingetosha kumwonya mtu popote alipo. Lakini swali la umma linaanza pale mhusika anapomaliza kazi yake na kubaki na ndoo ya maji ya kijani au buluu yenye asidi, shaba, nikeli na pengine kadimi. Ndoo hiyo humwagwa wapi?

Maji ya Lushoto mjini na vitongoji vyake huteremka hadi maporomoko ya Soni, kando ya barabara inayotoka Mombo, kisha huingia tambarare ambako wakulima wa skimu ya Mombo hulima mpunga. Kutoka huko maji huelekea Mto Mkomazi na hatimaye Mto Pangani, unaoendesha mitambo ya umeme ya Hale na New Pangani Falls. Upande wa kaskazini, Mto Umba huanzia katika misitu ya Shagayu, hupita Mlalo na kuvuka hadi nchi jirani ya Kenya kabla ya kuingia Bahari ya Hindi. Upande wa mashariki, Mto Sigi unaotokea Amani ndio unaolisha bwawa la Mabayani, chanzo cha maji ya Jiji la Tanga.

Katikati ya njia hizo za maji kuna mabonde ya mboga. Kabichi, karoti, viazi na mboga nyingine za majani zinazouzwa katika masoko ya Tanga na Dar es Salaam humwagiliwa kwa vijito vinavyopita karibu kabisa na makazi. Wataalamu wa udongo wanafahamu mambo mawili kuhusu kadimi: kwanza, mboga za majani huifyonza kwa urahisi; pili, huifyonza zaidi pale udongo unapokuwa na asidi. Udongo wa nyanda za juu zenye mvua nyingi, kama Usambara, kwa kawaida una asidi.

Kiasi kinachohitajika kuleta madhara si kikubwa. Shirika la Afya Duniani limependekeza kuwa lita moja ya maji ya kunywa isizidi mikrogramu 3 za kadimi. Kwa kipimo hicho, gramu moja tu ya kadimi inatosha kuzifikisha lita zaidi ya 300,000 za maji kwenye kikomo hicho. Gramu 100 za kontakti za zamani zinaweza kuwa na gramu kadhaa za kadimi. Faida ya mtu mmoja ingekuwa maelfu machache ya shilingi, na hasara ingegawanywa kwa watu wasiomjua.

Mafunzo kutoka Toyama na Mombasa

Nchini Japani, mgodi wa Kamioka uliochimba fedha, risasi na zinki ulimwaga mabaki yake katika Mto Jinzu. Wakulima wa mpunga waliokuwa chini ya mto, katika Mkoa wa Toyama, waliyatumia maji hayo kwa miongo mingi. Ugonjwa uliowapata, hasa akina mama, ulidhoofisha mifupa hadi ikavunjika kwa kukohoa tu. Wenyeji waliuita "itai-itai", maneno ya kilio cha mtu anayesema inauma, inauma. Mwaka 1968 Serikali ya Japani ilitambua rasmi kuwa chanzo chake ni kadimi. Mgodi ni mkubwa kuliko jiko, na hakuna anayedai kuwa viwango vinalingana. Kinachofanana ni ramani: metali mlimani, mto katikati, mpunga bondeni.

Karibu zaidi na Usambara, katika mtaa wa Owino Uhuru jijini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kilianza kazi mwaka 2007 katikati ya makazi ya watu. Hadi kilipofungwa mwaka 2014, risasi ilikuwa imeingia katika udongo, hewa na damu za wakazi, wakiwamo watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3. Uamuzi huo ulitenguliwa katika rufaa mwaka 2023, kisha ukarejeshwa na Mahakama ya Juu Desemba 2024. Kesi hiyo iligusa mwenye kiwanda na pia taasisi za umma zilizopaswa kusimamia. Funzo lake kwa watumishi wa umma wa nchi zote za Afrika Mashariki ni bayana: kutoona si utetezi pale ambapo sheria imekupa jukumu la kuangalia.

Usambara yenyewe imewahi kuonja jaribu la namna hii. Mwaka 2003 na 2004 uvumi wa dhahabu uliwavuta wachimbaji wengi katika eneo la Sakale, Usambara Mashariki, kwenye vyanzo vya Mto Sigi, na ikabidi mamlaka ziingilie kati kuunusuru msitu na maji. Tofauti ni kwamba uchimbaji huonekana kwa mashimo yake. Uchenjuaji wa ndani ya nyumba hauonekani, na kwa sababu hiyo unahitaji elimu zaidi kuliko doria.

Sheria inasemaje

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, Sura 191, inampa kila mtu aliyeko Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya, na inatambua kanuni kwamba mchafuzi hulipa gharama za uchafuzi wake. Kifungu cha 57 kinakataza shughuli za kudumu za kibinadamu zinazoweza kuathiri mazingira ndani ya mita 60 kutoka mtoni na katika vyanzo vingine vya maji. Katika mabonde membamba ya Lushoto, mita 60 mara nyingi ni umbali wa kutoka kijitoni hadi mlango wa jiko.

Kwa taka za umeme na elektroniki, zipo Kanuni za mwaka 2021 zilizotungwa chini ya Sheria hiyo, ambazo zinamtaka anayekusanya, kusafirisha, kuhifadhi au kurejeleza taka hizo awe na kibali. Usimamizi wake uko chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC).

Kemikali nazo zina sheria yake. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003, Sura 182, inayosimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, inawataka wanaojihusisha na kemikali hizo kusajiliwa. Asidi inayouzwa katika chupa ya maji ya kunywa isiyo na lebo ni kosa, na ni hatari kwa mtoto yeyote atakayeiona ikiwa mezani. Kwa upande wa biashara, ununuzi na uuzaji wa madini una leseni zake chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, hivyo anayekusudia kuuza fedha anapaswa kwanza kupata maelekezo ya ofisi ya Tume ya Madini.

Katika ngazi ya kimataifa, marekebisho ya Mkataba wa Basel yaliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2025 yanataka taka zote za umeme na elektroniki, ziwe hatarishi au la, zisivushwe mipaka bila ridhaa ya awali ya nchi zinazohusika. Mfanyabiashara anayefikiri kuvusha mzigo kwa njia za vichochoro kupitia Umba anapaswa kulifahamu hilo.

Mwisho, kuna suala la asili ya mzigo. Kontakta, mita na vipuri vya transfoma vinavyotoka katika miundombinu ya umeme ni mali ya umma, na kuviharibu au kuvinunua ni kosa la jinai. Aidha, mafuta ya baadhi ya transfoma za zamani yana kemikali sugu za kundi la PCB, zinazoondolewa duniani kote chini ya Mkataba wa Stockholm.

Njia iliyo wazi kwa fundi na kijana

Itakuwa si haki kuwaambia vijana waache, bila kuwaonesha pa kwenda. Thamani iliyomo katika vifaa chakavu ni halisi. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2024 kuhusu taka za kielektroniki inaonesha kuwa dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022, na asilimia 22.3 tu ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Barani Afrika kiwango hicho hakifiki asilimia 1. Pengo hilo ni tatizo, lakini pia ni kazi inayosubiri wafanyakazi.

Sehemu ya kazi hiyo inayofaa kufanywa Lushoto ni ukusanyaji, utenganishaji na uuzaji, bila kemikali na bila moto. Kikundi cha mafundi kinaweza kukusanya kontakta, breka na relei zikiwa nzima, kuzihifadhi mahali pakavu, kuzipima uzito na kuziuza kwa mrejelezaji mwenye kibali. Mzigo mkubwa uliokusanywa kwa pamoja hupata bei bora kuliko swichi za mtu mmoja. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinaweza kuwasilisha andiko kwa Halmashauri ili kuomba mikopo inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo hugawanywa kwa uwiano wa asilimia 4, 4 na 2.

Kwa upande wa taasisi, kazi bado ipo. Kibali hakina maana kwa fundi wa Mlalo au Bumbuli ikiwa hakuna kituo cha kupokelea taka kilicho karibu kuliko Tanga mjini. Halmashauri za Lushoto na Bumbuli, ambazo kisheria zina jukumu la taka ngumu katika maeneo yao, zina nafasi ya kutenga sehemu maalumu ya taka za umeme katika masoko na stendi. Vyuo vya ufundi stadi vinaweza kuingiza somo la utupaji salama wa vifaa katika mafunzo ya umeme wa majumbani. Kamati za mazingira za vijiji na mitaa, zilizoundwa kwa mujibu wa Sheria ya mwaka 2004, ndizo zilizo karibu zaidi na vijito.

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo: wasivunje wala kuchoma kontakti kwa ajili ya kutoa fedha, wasinunue asidi kwa muuzaji asiyesajiliwa, wasimwage kemikali chooni, shambani wala mtoni. Aliye tayari na kemikali au maji yaliyotumika asiyamwage kwa hofu, bali ayaache katika chombo kilichofungwa, mbali na watoto na vyakula, na amjulishe Ofisa Mazingira wa Halmashauri. Aliyevuta gesi ya kahawia atolewe mara moja kwenye hewa safi na apelekwe hospitali hata kama anajihisi mzima, na mganga aelezwe ukweli wote wa kilichotokea. Aliyemwagikiwa na asidi aoshwe kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda usiopungua dakika 15. Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114 bila malipo.

Fedha iliyomo ndani ya kontakti haiozi. Inaweza kusubiri ghalani mwaka mzima hadi mzigo utoshe na mnunuzi halali apatikane. Mto hauwezi kusubiri namna hiyo: kinachomwagwa Lushoto leo, kesho kimo katika majaruba ya Mombo.